Nisome uandishi wa habari au takwimu, ikiwa lengo langu ni kuwa mwanahabari?

*"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi mbili chuo kikuu: shahada ya uandishi wa habari na shahada ya takwimu. Ninachotaka ni kuandika habari za afya. Hesabu na baiolojia ndiyo masomo niliyofaulu vizuri zaidi. Baba anasema uandishi wa habari husomwa na waliokosa pa kwenda, na kwamba hauna ajira. Mjomba, ambaye ametangaza redioni miaka mingi bila shahada yoyote, anasema kazi hii ni kipaji, darasani nitapoteza muda tu. Rafiki zangu wananiambia akili mnemba itakuwa inaandika habari zote kabla sijahitimu. Nami nina hofu nyingine ambayo sijamwambia mtu: nina haya. Katika gazeti la shule nilipenda kuandika, lakini kila nilipotumwa kumhoji mtu nilimwachia mwenzangu. Je, nitaiweza kazi hii? Na nichague shahada ipi? Natakiwa kuthibitisha nafasi moja ndani ya mwezi huu."*

Marahaba, mwanangu. Naona maswali haya yamekulemea, na sababu mojawapo ni kwamba kila anayekushauri anajibu swali lake mwenyewe. Baba anajibu swali la ajira. Mjomba anaeleza njia aliyopita yeye. Rafiki zako wanazungumzia mashine. Swali lako, nilivyolisoma mimi, ni kama kuna kitu ambacho chuo kikuu kinaweza kukupa ukawa mwanahabari wa afya anayeaminika, na kama kipo, utakipata kwenye shahada ipi kati ya hizo mbili. Hilo nitalijibu. Kwanza tuyapitie haya mengine, maana yana ukweli ndani yake na yana makosa pia.

Mjomba anasema kweli kwamba katika nchi nyingi hakuna sheria inayomlazimisha mwanahabari kuwa na shahada ya fani hii. Brazili ilikuwa na sharti hilo, na mahakama yake ya juu kabisa ikaliondoa mwaka 2009. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilikwisha kutoa maoni kwamba kumlazimisha mwanahabari kujiunga na chama cha taaluma ndipo aruhusiwe kuandika kunakiuka uhuru wa kujieleza. Italia, kwa upande wake, ina rejesta ya wanahabari iliyowekwa na sheria ya mwaka 1963, na anayetaka kusajiliwa kama mwanahabari kamili hufanya mtihani. Zipo pia nchi ambazo hupati kitambulisho cha kazi bila cheti cha kiwango fulani. Kwa hiyo katika hili usitegemee neno la mtu yeyote, hata langu. Nenda kwenye ofisi inayosimamia vyombo vya habari nchini mwako uulize, kwa sababu jibu lao linaweza kumaliza nusu ya mjadala huu.

Kuna jambo moja ambalo mjomba amelisahau: naye alifundishwa. Wanaosema shahada haina kazi hupenda kuwataja Bob Woodward na Carl Bernstein wa gazeti la Washington Post, ambao habari zao kuhusu kashfa ya kisiasa ya Watergate zilichangia Rais Richard Nixon wa Marekani kujiuzulu mwaka 1974. Ni kweli kwamba hakuna kati yao aliyesomea uandishi wa habari. Woodward alisoma historia na fasihi ya Kiingereza, na Bernstein aliacha chuo bila kumaliza. Lakini Bernstein aliingia gazetini akiwa na miaka 16, akitumwa kubeba karatasi kutoka meza moja hadi nyingine. Woodward alijaribiwa Washington Post kwa wiki mbili, akaonekana hajaiva, akaenda kufanya kazi mwaka mzima katika gazeti dogo la kila wiki kabla ya kurudi. Walisoma, ila darasa lao lilikuwa chumba cha habari na walimu wao walikuwa wahariri.

Nakutilia mkazo hapa kwa sababu ndipo hali ilipobadilika zaidi tangu mjomba wako aanze kazi. Zamani kijana asiyejua kitu aliweza kupokelewa, akakaa karibu na mhariri aliyekuwa na muda wa kumwita na kumwonyesha kwa nini aya yake ya kwanza haifai. Matangazo ya biashara yalipohamia mtandaoni, vyombo vingi vilipunguza watu, na mara nyingi waliotangulia kuondoka ni wale waliokuwa wakisahihisha kazi za wengine. Mhariri aliyebaki ana habari kumi za kupitisha kabla ya jioni. Akiona kosa lako atalirekebisha mwenyewe na kuendelea, nawe hutajua ulikosea wapi. Njia ya mjomba haijafungwa, lakini imekuwa nyembamba.

Kuhusu kipaji, mabishano hayo yana zaidi ya karne. Joseph Pulitzer, mmiliki wa magazeti nchini Marekani, alipotaka kutoa fedha zake kuanzisha shule ya uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Columbia, mwanzoni alikataliwa. Mwaka 1904 alichapisha makala ndefu akiwajibu waliodai kwamba mwanahabari huzaliwa tu; hoja yake ilikuwa kwamba kila taaluma inayoheshimika ina mafunzo, na hii haina sababu ya kuwa tofauti. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1912, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Chuo Kikuu cha Missouri kilikuwa kimetangulia, mwaka 1908, na wanafunzi wake walianza kutoa gazeti siku ileile ya kwanza ya masomo. Kumbuka hilo la gazeti, tutalirudia.

Mimi nakubali kwamba kipaji kipo. Kuna watu ambao sentensi zinawatii tangu utotoni. Lakini kipaji cha kuandika ni sehemu ndogo ya kazi hii, na pekee yake ni hatari. Mwaka 1981 Janet Cooke wa Washington Post alipewa tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari nchini Marekani, kwa habari ya mtoto wa miaka minane aliyekuwa mraibu wa heroini. Iliandikwa kwa ustadi mkubwa. Mtoto huyo hakuwepo. Tuzo ikarudishwa, na gazeti likabaki na aibu. Uzuri wa maandishi ndio uliowafanya watu wazima wenye uzoefu wasahau kuuliza mtoto huyo anaishi wapi.

Sasa nikueleze kinachofundishika, maana hapa ndipo penye jibu lako. Watu hudhani shahada hii ni ya kujifunza kuandika vizuri na kuongea mbele ya kamera. Hayo yapo, na unaweza kuyapata kwa mazoezi popote. Kiini cha mafunzo ni uthibitishaji: unajuaje unachosema, nani amekwambia, yeye alijuaje, na nani angepinga kama angeulizwa. Hili haliingii kichwani kwa kusikiliza mhadhara. Linaingia kwa kutumwa nje, kurudi na habari, kuambiwa ina tundu, na kurudishwa nje tena, mara nyingi kuliko unavyopenda.

Chukua mfano wa fani unayoitaka. Mwanafunzi analeta habari yenye kichwa kisemacho dawa fulani inaongeza mara mbili hatari ya ugonjwa fulani. Mwalimu mzuri hagusi lugha kwanza. Anauliza: mara mbili kutoka ngapi? Mwanafunzi hajui, anarudi kusoma utafiti, anakuta hatari imetoka mtu 1 kati ya 10,000 ikafika watu 2 kati ya 10,000. Kichwa cha habari hakikuwa uongo, ila msomaji angetupa dawa anayoihitaji. Mwalimu anaendelea: walichunguzwa watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Nani alilipia utafiti? Umempigia simu mtaalamu ambaye hakushiriki? Ukipitia mlolongo huu mara ishirini ukiwa mwanafunzi, mara ya ishirini na moja utajiuliza mwenyewe kabla hujaandika mstari wa kwanza. Hayo ndiyo mafunzo. Mengine yote ni nyongeza.

Na usidhani mfano huu ni wa darasani tu. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Andrew Wakefield na wenzake ulioibua shaka kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Utafiti ule ulihusu watoto 12. Kumi na wawili, bila kundi la kulinganisha nao. Mwanahabari yeyote aliyejua misingi ya takwimu tu alikuwa na haki ya kusimama hapo na kuuliza. Wengi hawakuuliza, waliipeleka hofu ile kwa wazazi kama ilivyo, na chanjo zikapungua. Mwanahabari Brian Deer ndiye aliyechimba, na kuanzia mwaka 2004 akafichua jinsi kazi ile ilivyofanywa, na Lancet ikaifuta mwaka 2010. Ninapokuona wewe mwenye hesabu, baiolojia na hamu ya kuandika, nafikiria habari ya namna hiyo.

Kuna jambo la pili linalofundishika, na hili ni gumu kulipata peke yako: sheria. Kashfa, faragha, hakimiliki, kuingilia kesi iliyo mahakamani, ulinzi wa watoto na wa wagonjwa. Vijana huliona somo hili kavu. Lakini gazeti la Sunday Times la Uingereza lilipofuatilia thalidomide, dawa iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na ulemavu wa viungo, makala yake moja ilizuiwa kwa amri ya mahakama kwa sababu madai ya fidia yalikuwa bado yanaendelea. Suala hilo lilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 1979 iliamua kwamba kuizuia kulikiuka uhuru wa kujieleza. Gazeti lile lilikuwa na wanasheria na uwezo wa kusubiri miaka. Wewe ukianza kazi hutakuwa navyo, kwa hiyo bora ujue mpaka uko wapi kabla hujaukanyaga.

Nije kwa baba. Kauli yake kwamba fani hii ni ya waliokosa pa kwenda si ya haki, na nadhani hata yeye, ukimpa mifano hii, ataona. Lakini katika ajira usimbishie sana. Nafasi za kuajiriwa moja kwa moja katika vyombo vya habari ni chache kuliko wahitimu wanaozitaka. Wengi huanza kama waandishi wa kujitegemea, wakilipwa kwa kila habari inayotoka, na kipato hicho hupanda na kushuka. Sehemu kubwa ya wahitimu huishia kwenye mawasiliano ya taasisi, uhusiano kwa umma, uhariri au ualimu. Hizo ni kazi halali, ila ni kazi nyingine: anayeandikia taasisi anamtumikia mwajiri wake, na mwanahabari anamtumikia msomaji. Kama lengo lako ni la pili, ingia ukijua kwamba miaka ya mwanzo itakuwa ya kubana matumizi. Baba akikuuliza utaishije, jibu la kweli ni kwamba ujuzi wa pili ndio utakaokubeba, na katika hilo una bahati kuliko wengi.

Kuhusu mashine, rafiki zako wameona jambo la kweli wakalikuza. Shirika la habari la Associated Press lilianza kutumia programu kuandika taarifa fupi za mapato ya kampuni mwaka 2014, na tangu hapo uwezo huo umeongezeka sana. Kazi za kufupisha taarifa, kupanga matokeo na kuandika upya tangazo la taasisi zinaondoka mikononi mwa watu. Hilo linanisikitisha kwa sababu moja: ndizo kazi walizokuwa wakijifunzia wanaoanza. Lakini mashine haiendi wodini. Haijengi imani na muuguzi mpaka aseme kwa nini kuna dawa zinazopotea. Na inaweza kutunga jambo lisilokuwepo kwa lugha safi kabisa, bila kujua kwamba imetunga. Palipo na maandishi mengi mazuri yasiyo na uhakika, anayejua kuthibitisha anahitajika zaidi. Ukitaka kujipima kama uko salama, angalia unachofanya: kama kazi yako yote inaweza kufanyika bila kuinuka kwenye kiti, basi uko kwenye upande unaopungua.

Sasa haya zako. Nimeziacha nyuma kwa makusudi, maana naona ndizo zinazokuumiza kuliko yote. Wanahabari wengi wazuri ninaowafahamu si waongeaji. Mwongeaji humaliza swali kwa kujijibu mwenyewe. Mtu mwenye haya hunyamaza, na ukimya humfanya mwenzake aendelee kusema. Svetlana Alexievich, mwandishi wa Belarusi aliyesomea uandishi wa habari katika chuo kikuu mjini Minsk, alitunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2015 kwa vitabu vilivyosukwa kwa sauti za watu wa kawaida aliowasikiliza kwa miaka. Usikivu ni nusu ya kazi, na huo pengine unao. Nusu nyingine, ile ya kumkaribia mtu usiyemjua, ni ya mazoezi. Andika maswali yako matano kabla ya kwenda. Jitambulishe kwa sentensi moja uliyoifanyia mazoezi: jina, unaandikia wapi, unataka kujua nini. Anza na swali jepesi ambalo mtu anafurahia kulijibu. Hofu hupungua swali linapokuwa zito kuliko wewe unayeliuliza, yaani unapotaka jibu kwa dhati kiasi cha kusahau unavyoonekana.

Ila nikwambie wazi: kazi hii bila kuhoji watu haipo. Kwa hiyo kabla mwezi haujaisha, jipime. Tafuta jambo moja dogo la afya linalowagusa watu walio karibu nawe. Wahoji watu watatu usiowajua, mmoja wao awe na mamlaka juu ya jambo hilo. Andika maneno mia nne, kisha warudie wote watatu uhakikishe ukweli wa yale uliyoyaandika. Usiangalie kama uliogopa, utaogopa. Angalia kama baada ya mtu wa tatu ulitaka kumtafuta wa nne. Na kama haya zako ni zaidi ya haya, yaani moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika, unakwepa hata watu unaowapenda, tafadhali muone mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili ana kwa ana. Hilo linatibika, na halihusiani na kufaa au kutofaa kwako.

Nichague ipi, umeniuliza. Ningekuwa na jibu moja kwa kila mtu ningekupa, lakini linategemea idara yenyewe kuliko jina la shahada. Kuna shahada za uandishi wa habari zinazofundishwa kama hadithi: historia ya redio, nadharia za mawasiliano, mitihani ya kukariri, na mwanafunzi anahitimu akiwa hajawahi kuchapisha chochote. Hiyo iache. Nenda idarani siku ya kazi. Omba kuona gazeti au redio ya wanafunzi, na uangalie toleo la mwisho lilitoka lini. Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho, bila mwalimu kuwepo, ni habari ngapi walirudishiwa muhula uliopita zikiwa na masahihisho ya mwalimu. Uliza kama mafunzo kwa vitendo yanatafutwa na idara au kila mtu anajitafutia, na wahitimu wa miaka miwili iliyopita wako wapi. Uliza pia kama unaruhusiwa kuchukua masomo ya takwimu au afya ya jamii ukiwa humo. Mtaala wa mfano uliotolewa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, mwaka 2007 unashikilia nguzo tatu: mbinu za kazi, uelewa wa nafasi ya habari katika jamii pamoja na sheria na maadili yake, na elimu ya ulimwengu nje ya fani. Idara inayoipuuza nguzo ya tatu itakufundisha kuuliza bila kukupa cha kuuliza.

Majibu yakiwa mazuri, chukua uandishi wa habari na uongeze takwimu kwa kadiri utakavyoruhusiwa. Yakiwa ya kubabaisha, chukua takwimu, kisha jiunge na gazeti la wanafunzi wiki ya kwanza na ufanye humo kila kazi utakayopewa; baada ya hapo vyuo vingi vina uzamili au stashahada ya uzamili ya uandishi wa habari kwa waliosoma fani nyingine. Na yakiwa ya kati, si mabaya si mazuri, mimi ninayefundisha uandishi wa habari ningekuelekeza takwimu. Wanaoandika vizuri wanaotaka kuripoti afya ni wengi. Wanaoweza kusoma jedwali la utafiti wakaona palipo na kasoro ni wachache mno, na takwimu ni vigumu kujifundisha ukiwa tayari kazini. Pengo la uhariri utaliziba kwa kumtafuta mtu mmoja wa kukusahihisha kwa ukali, na hapo mjomba wako anafaa kabisa: mwombe asikilize mahojiano yako ya majaribio na akwambie wapi uliacha kuuliza.

Muda ukikubana kabla hujatembelea idara zote mbili, iandikie ofisi ya udahili uulize kama nafasi inaweza kuahirishwa, au kama mwanafunzi wa takwimu anaruhusiwa kuhamia shahada nyingine baada ya mwaka wa kwanza. Jibu hilo lipate kwa maandishi. Na siku ya kwenda idarani nenda na baba, naye aulize swali lake la ajira moja kwa moja kwa mkuu wa idara.